Ngazi ya Utamu ya Mzee Mudathiru

Mwaka 1997 mji wa Kamembe, Rwanda, ulijaa mashirika ya misaada na magari yao meupe, na Mzee Mudathiru akapata bahati ya kupika katika mojawapo. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Baada ya hapo Madamu, mkurugenzi wao Mwingereza, angeamua abaki au aende, na nyumbani kwa Mudathiru kulikuwa na vinywa saba.

Siku ya kwanza aliwakaangia sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa chumvi na pilipili, akaweka ugali pembeni. Walikula kimya. Sahani zilirudi jikoni nyeupe. Madamu alipita mlangoni akasema neno moja tu: "Nice."

Kwa kina Mudathiru, anayekula kimya ndiye anayefurahi. Lakini hawa walikuwa Waingereza, basi akamwendea Aimable, aliyerudi kutoka Bukavu na kanda tatu za Kiingereza na sasa alikuwa profesa wa mji mzima.

Aimable akatikisa kichwa. "Pole, Mzee. Ile ni neno ya chini kabisa, hata kiti banakiita nice. 'Delicious' ni ya mulomo. 'Delightful' ni ya roho. Lakini 'exquisite' ni ya mulomo, ya roho na ya macho pamoja. Muntu mwenye kuipata, habawezi kumufukuza."

Hapo ndipo maskini alipoharibu. Akaacha pilipili, akamwaga siagi ili apate neno la mdomo. Akalipata. Akapanga nanasi juu ya samaki ili apate la roho. Akalipata pia, akatembea sokoni kifua mbele kana kwamba amepewa cheo. Ndayisaba, mlinzi wa getini aliyekuwa akipewa mabaki, alianza kunenepa. Mudathiru aliliona hilo, hakulitilia maanani.

Wiki ya mwisho walikuja wakubwa kutoka Ulaya. Mudathiru alichonga karoti zikawa maua, akamlaza samaki mzimamzima juu ya wali wa rangi tatu. Madamu akaweka mkono kifuani. "Exquisite," akasema, na wakubwa wote wakaitikia. Mzee alirudi jikoni machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Sahani zikafuata. Maua yalikuwa palepale alipoyaweka, na vipande vya samaki vimefichwa chini ya wali. Kesho yake alipewa barua mbili, moja ya kumsifu na moja ya kumuaga. Katika ile ya sifa, neno lake la juu lilikuwa limepigiwa mstari.

Siku hizi ana mgahawa wake karibu na soko: sambaza, chumvi, pilipili, basi. Ukimwambia chakula chake ni kitamu, hasemi asante. Anainama kwanza kuchungulia sahani yako.

"Kama iko tamu," anakuuliza kwa uchungu, "mulomo ulipata wapi nafasi ya kusema?"