Nilivyowapatanisha Wasiogombana

Jamani, nimejicheka vya kutosha, sasa zamu yenu. Mwezi uliopita nilianza umeneja kwenye mashine ya kukoboa mpunga, huko mtaa wa Viwanja Sitini. Asubuhi ya kwanza nikamkuta mnyapara wetu, Mama Devota, akimfokea Alois, mbeba magunia, mbele ya wote: "Beba, mtumwa wetu! Babu yako aliwabebea babu zangu mikuki na hakulalamika!"

"Angelalamika kwa nani, nao babu zako wamejaza panya midomoni?" Alois akajibu huku anakwenda mbio na gunia begani.

Magunia yalikuwa yanapaa, watu wanacheka. Sijaona anayejua kuendesha watu kama yule mama! Ila mimi, mtoto wa mjini niliyetoka semina ya uongozi, niliona chuki tupu. Nikapiga marufuku matusi.

Ghala likapoa. Watu wakaburuta miguu, lori likangoja mpaka jioni. Nikasema, Mama Devota na Alois wana kinyongo. Kesho yake nikanunua kreti la soda, nikamwita katekista aje kuwapatanisha.

Alisali, kisha akamuuliza Alois kwa upole, "Mwanangu, wewe kabila gani?"

"Mpogoro wa Mahenge."

"Na wewe, Mama Devota?"

"Mngoni wa Songea."

Katekista akafunga Biblia, akanitazama kwa huruma. "Meneja, Wangoni na Wapogoro ni watani." Akamgeukia Alois. "Na mimi Mngoni. Mtumwa, nifungulie soda!"

"Fungua kwa meno, mla panya!"

Ghala zima likalipuka kwa kicheko, na magunia yakaanza kupaa kabla sijapata pa kuuficha uso wangu.