Nilivyoomba mwethya wa bure, walimu wangu wakaishia kuchimba mitaro kila Jumamosi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine kimya kimya, nacheka peke yangu ofisini halafu naendelea na kazi. Leo nimekubali kuchekwa mimi. Haya yote yalinipata mwenyewe, na viganja vyangu bado vina alama kwa anayetaka ushahidi. Majina ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wana watoto wanaojua kutumia simu kuliko mimi.

Kwa kifupi, mimi ni mwalimu mkuu wa shule ndogo ya msingi ya serikali upande wa Kanyangi, Kitui. Walimu tuko tisa pamoja na mimi. Jikoni kuna mpishi mmoja, Mama Syombua, na kwa mambo mengi yeye ndiye mwenye shule.

Jambo lingine mnalofaa kujua: mimi ni Mkamba, lakini nimezaliwa na kukulia Sultan Hamud, pale barabarani. Baba alikuwa anauza viatu. Najua kupima mguu wa mteja kwa macho. Jembe nililijua kwa kuliona dukani kwa jirani.

Sasa tuingie kwa story.

Mwaka jana muhula wa tatu tulifungua shule bila pesa. Ile capitation ya serikali, pesa ya kila mwanafunzi, ilikuwa "inakuja". Wenye shule za umma mnajua hiyo lugha. Inakuja kwa vipande, na kipande kikifika kimeshakuwa na wenyewe.

Nilibana matumizi mpaka nikawa kichekesho. Nilikata chaki vipande kama mche wa sabuni, kila mwalimu nusu. Mitihani tulichapisha pande zote mbili za karatasi kwa herufi ndogo, mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama tunapima hesabu au macho. Niliandikia ofisi ya elimu barua, wakajibu kwamba wameipokea. Kuna mheshimiwa aliniahidi mbele ya watu, na tangu siku hiyo simu yake haishiki kwangu.

Lakini chaki si shida. Shida ilikuwa tangi.

Maji ya jikoni yetu ni ya mvua, yanatoka kwa paa la madarasa yanaingia kwa tangi moja kubwa la plastiki. Msingi wa hilo tangi ulikuwa umepasuka na kuzama upande mmoja. Likizo ya kabla ya kufungua tukalishusha kabla halijatuangukia, likawa limelala chini kando ya jikoni, tupu. Maji tukawa tunanunua kwa wenye punda, na pesa ya punda ikaisha.

Mama Syombua alinifuata ofisini akasimama mlangoni.

"Mwalimu, isyo haiivi kwa maombi. Leta maji ama nizime moto."

Isyo ni mahindi na maharagwe, kwa wale wa mbali. Watoto wetu wanatembea mbali. Bila chakula cha mchana wanaenda nyumbani kula, na wakienda hawarudi. Upande wa pili wa mto kuna shule yenye kisima, na tayari ilikuwa imetunyang'anya familia kadhaa. Idadi ikishuka zaidi, ofisi inaanza kuuliza kwa nini hatuunganishwi na shule nyingine. Nilijiona kwenye historia kama mwalimu mkuu aliyefunga shule kwa sababu ya tangi.

Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa imebaki wiki chache. Ikinyesha tangi likiwa chini, maji yote yanaenda mtoni, na sisi tunangoja msimu mwingine.

Ndipo nikapata akili. Niliita akili wakati huo.

Kuna kikundi cha mwethya pale kijijini, wanachama ishirini na wawili, wengi wao kina mama. Wanafanyiana kazi mashambani kwa zamu: Jumamosi hii wote kwa huyu, ijayo wote kwa yule. Mwenyekiti wao ni Kamene, mama mfupi mwenye sauti ya chini na daftari la mistari ambalo haliachi nyumbani. Mimi nilikuwa nikiwaona wakipita na majembe na kujiambia, hii ni nguvu kazi inatembea barabarani bila kutumika ipasavyo.

Nikaenda kwa mkutano wao. Naibu wangu, Madam Ndunge, ambaye amezaliwa hapo hapo, aliniambia, "Mwalimu, kabla uende niulize kwanza." Nikamwambia nina haraka.

Nikawahutubia vizuri sana. Nikasema shule pia ni mwanachama wa jamii, kwa hivyo waiweke kwenye zamu. Na kwa sababu ya mvua, waiweke ya kwanza. Wakaangaliana. Kamene akaniuliza mara mbili, "Shule iingie kwa zamu? Na wewe mwenyewe unaiandikia?" Nikasema ndiyo. Akanipa kalamu, nikatia sahihi yangu ile ya cheki.

Walipiga makofi mengi kuliko nilivyotarajia. Hapo ndipo ningefaa kushtuka.

Jumamosi walifika jua halijatoka vizuri, na punda wa kubeba mchanga kutoka mtoni. Wakuu, sijawahi kuona kazi kama ile. Mawe yalipangwa, wanaume wawili mafundi wakajenga, na saa nane msingi ulikuwa umekwisha. Mimi nilitoa saruji kwa mfuko wangu, chai na mandazi, na hotuba ya shukrani. Kamene akasema saruji ikauke kwanza, wiki moja na kidogo, halafu watarudi kupandisha tangi na kuunganisha mifereji ya paa.

Jioni hiyo nikaandika kwa WhatsApp ya walimu wakuu: "Resource mobilisation. Labour cost: zero." Mwenzangu mmoja wa kule Kiboko akaniomba template.

Jumatatu asubuhi Kamene yuko ofisini kwangu na daftari.

"Mwalimu, Jumamosi ni kwa Mama Kilonzo. Tunachimba mitaro. Saa kumi na mbili na nusu. Mkuje na majembe yenu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sisi kina nani, mwaitu?" nikauliza, nikimwita mama kwa heshima.

"Shule. Walimu tisa. Si uliandika?"

Nikamweleza kwamba walimu wana kazi nyingi, kwamba mchango wetu ni elimu. Nikamwambia tutawapa kikundi certificate nzuri, yenye mhuri.

"Certificate haichimbi, Mwalimu."

"Na tusipokuja?"

"Asiyekuja analipa kuku. Mmoja kwa kila mtu, kila Jumamosi." Akafungua daftari akanionyesha majina, moja baada ya jingine, mashamba ishirini na mawili. "Na tangi bado liko chini," akaongeza polepole, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa.

Wakuu, piga hesabu mwenyewe. Na hao kuku ningeandika kwa votehead gani ya bajeti? Auditor akikuta "kuku wa adhabu" ananiuliza nini?

Nikaita staff meeting. Nilieleza kwa lugha laini, nikaita "community engagement". Nilipomaliza, kuku halisi alilia nje. Kisha mwalimu wetu kijana, Brayo, aliyeletwa kutoka Nairobi, akasema, "HM, hapo umetuchoma, buda." Madam Ndunge alicheka mpaka akavua miwani.

"Nilikuambia uniulize," akasema. "Sasa nunua jembe."

Sikuweza kumlazimisha mtu. Niliwaambia mimi naenda, anayetaka aje.

Jumamosi nilifika na viatu vyeupe vya michezo. Nawaomba msiseme kitu. Madam Ndunge alikuja, na walimu wengine wawili. Tukawa wanne kati ya tisa. Kuku watano niliwanunua soko la Kanyangi kwa pesa yangu, na Mama Kilonzo mwenye shamba akawapokea kwa furaha. Alikuwa mzazi wa kwanza kunishukuru kwa utoro wa walimu.

Sasa mitaro yetu huku ni ile ya fanya juu: unachimba, na udongo unautupa upande wa juu wa mlima ili uzuie maji. Mimi nilichimba nusu saa nzima kwa bidii nikitupa chini, kwa sababu mwili unapenda chini. Kamene akaja na fimbo yake ya kupimia, akaangalia, akasema, "Mwalimu, rudia." Wallahi sijawahi kuambiwa rudia tangu chuo. Nyanya mmoja, ambaye wajukuu zake watatu wako kwangu, alinipita akichimba kama mtu anayechana mkate. "Mwalimu, utamaliza hiyo kama homework," akaniambia.

Saa nne tukakaa kunywa uji. Malengelenge yangu yalikuwa yameshapasuka. Hapo nikiwa chini kwa vumbi, si nyuma ya meza, ndipo watu walianza kuongea nami kama mtu.

Mama Kilonzo ndiye aliyeniambia. Alisema kila Januari shule ikifungua tunatuma barua ya kuitisha debe la mahindi na kilo za maharagwe. Januari akiba ya zamani imeisha, na mahindi mapya bado yako shambani mabichi. "Tunaona aibu, Mwalimu. Mtoto tunamwacha nyumbani mpaka tuvune. Halafu tukivuna, hakuna mtu wa shule anauliza. Broker anakuja na gunia lake, anabeba yote kwa bei yake."

Hizo barua zimetiwa sahihi yangu. Zile za ukumbusho niliziandika kwa wino mwekundu, na kwa kikao cha bodi niliwahi kuwaita wazazi hao wadaiwa sugu. Wakuu, niliona haya mpaka uji ukanishinda. Miaka miwili nalilia pesa ya serikali iliyochelewa, kumbe mahindi ya watoto yanapita mlangoni kwangu kila Februari, na mimi nayaitisha wakati hayapo.

Jumatatu niliwaambia walimu kwamba kuku wa Jumamosi inayofuata watatoka mfukoni mwa kila mtoro mwenyewe. Walikuja wote. Brayo alikuja na headphones, na kufika saa tano kina mama walikuwa wamemfundisha wimbo wa kuchimba na yeye amewafundisha mtindo wa kucheza nao. Kufika mwezi wa pili wa kazi yeye ndiye aliyekuwa akinipigia simu asubuhi, "HM, umeamka?"

Tangi lilipandishwa Jumanne alasiri, baada ya saruji kukauka. Watu ishirini na wawili na sisi tisa, na Mama Syombua akitoa amri kutoka mlangoni kwa jikoni kama ni yeye amelinunua.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata, saa tano, tukiwa madarasani. Mwanzo ni kelele za mabati tu. Halafu nikasikia ile sauti nyingine, maji yanaanguka ndani ya tangi tupu. Masomo yalisimama shule nzima bila kengele. Mama Syombua alikuwa nje analowa, anapiga kifuniko cha sufuria na mwiko. Mimi nilisimama chini ya paa nikalia kidogo, na nikasingizia mvua.

Januari sikutuma barua. Februari na Machi zamu ilipofika ya kuvuna, tulikuwa tayari tuko mashambani na magunia ya shule. Tulivuna nao, na debe la shule lilipimwa hapo hapo kabla broker hajaegesha. Sikulazimisha mtu, na waliokuwa na kidogo walitoa kidogo. Stoo ya Mama Syombua ilijaa mpaka akahamisha kiti chake nje. Familia mbili zilizovuka mto zimerudi. Capitation? Inakuja.

Mwezi uliopita tulimaliza shamba la ishirini na mbili. Nikafikiri nimehitimu. Kamene akafungua daftari, na mwisho wa orodha kulikuwa na jina la ishirini na tatu kwa mwandiko wake. Halikuwa jina la shule. Lilikuwa langu.

"Shule ilifanyiwa," akasema. "Lakini wewe umechimba Jumamosi zote. Mtu akichimba anachimbiwa. Shamba lako liko wapi, Mwalimu?"

Wakuu, mimi sina shamba. Baba aliniachia kibanda cha viatu Sultan Hamud. Nimefundisha miaka ishirini katika shule tano, na kila mahali nilikuwa mgeni anayengoja barua ya transfer. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza shamba langu liko wapi.

Nilifikiria usiku kucha, kisha nikawapeleka nyuma ya madarasa, kwenye kipande cha shule kilichoota miiba. Nikasema ni hapa.

Mwenye zamu haruhusiwi kushika jembe. Kazi yake ni kupikia watu. Mama Syombua alikataa katakata kunisaidia, akaweka kiti akaniangalia. Isyo yangu iliungua chini na juu ilikuwa mbichi. Kamene alikula sahani yote, akafuta mikono, akaandika tiki kwenye daftari.

Tulipanda kunde. Juzi watoto wamekula majani yake ya kwanza na isyo. Kwenye daftari la mwethya pale pameandikwa Shamba la Mwalimu, na kila anayepita analiita hivyo.

Nilichojifunza: kabla ya kulia kwamba hakuna pesa, nenda ukae chini na watu unaowaitisha, uone wana nini na wanacho lini. Na ukipewa kalamu na mama mwenye sauti ya chini, soma kwanza.

Walimu, wanabodi, na wazazi mlionyanyaswa na barua zetu, njooni mseme yenu. Na yule mwenzangu wa Kiboko aliyetaka template: ndugu, nunua jembe, na viatu vyeupe uviache nyumbani.