Msimu wa Pikipiki Tatu

Timu yetu ya Wete ilikuwa ya watu wanne na pikipiki tatu. Kulikuwa na fundi wa pikipiki mwenye banda lake mtaa wa Jadida, mwalimu wa hesabu, na bwana mifugo wa wilaya, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Wa nne nilikuwa mimi, nesi wa kituo cha afya. Sikuwa mpanda mashindano. Nilikuwa na pikipiki ndogo ya kazi, ile ninayobebea boksi la chanjo, na kanuni ilisema kila timu iwe na mtu wa huduma ya kwanza.

Enduro, kama walivyoiita kwa kumfuata mtu mmoja aliyewahi kuyaona mashindano hayo Maskati, si mbio za barabarani. Mnapita njia za ng'ombe, majabali, matope na vijito, mnagongewa muhuri kwenye kila kituo, na mwisho muda wa wapanda watatu unajumlishwa. Asipofika mmoja, timu nzima haikufika. Timu zilikuwa nne, na kila moja ingeandaa raundi kwao.

Bwana Mifugo alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, kwa hiyo ndiye aliyetumwa kwa mama.

"Bi mkubwa," alisema akiwa bado barazani, "nimekuja kumuomba mwanao."

"Kumuomba kwa mke au kwa kazi?"

"Kwa sanduku la dawa."

Mama alicheka, kisha akauliza kama nitakuwa peke yangu maporini na wanaume watatu. Bwana Mifugo alimwambia nitakuwa kituoni pamoja na wasimamizi na wake zao wanaopika, na kwamba yeye mwenyewe atanirudisha hadi mlangoni. Mama akakubali.

Kilichotushinda kwa wiki mbili ni fulana. Ilikuwa ile miaka ya vyama vingi, uchaguzi mmoja umepita na jeraha lake halijapona, mwengine uko njiani. Kila rangi ilikuwa na wenyewe. Fundi alitaka bluu, Mwalimu akamtazama tu. Mwalimu akataja kijani, Fundi akaweka spana chini. Wawili wale hawakuwa wa upande mmoja, na kabla ya timu hii walikuwa hata salamu wanapeana kwa shida. Mwisho tulishona fulana za rangi ya kahawia, kama karafuu iliyokauka, na hakuna aliyeipenda.

Raundi ya kwanza ilikuwa Kiuyu, kwenye mawe ya matumbawe na mchanga. Watu walitoka majumbani waliposikia mngurumo, na bibi mmoja aliyekuwa akianua ukili wake wa kusukia mikeka alimzuia Mwalimu aliyesimama kukaza mnyororo.

"Nyie wa upande gani?"

"Upande wa Wete, bibi."

"Mmekuja kutuomba kura?"

"Tumekuja kuanguka tu."

Akampa maji. Siku ile tulikuwa wa pili, na sifa zote zilikuwa za Bwana Mifugo. Alikuwa amezunguka kisiwa kizima kwa miaka mingi akichanja ng'ombe na mbuzi, akijua wapi mchanga unazama na wapi jiwe linateleza. Fundi alikuwa na nguvu, Mwalimu alikuwa na hesabu, lakini yeye alipita kama mtu anayepita uani kwake.

Raundi ya pili, kwenye vilima vya Mkoani, tulishinda. Nilipokuwa nikimsafisha Bwana Mifugo mikwaruzo ndipo nilipoona jambo. Michubuko yote ilikuwa kushoto: bega, kiwiko, paja. Myengine ilikuwa ya siku nyingi. Nilimsogezea kikombe cha chai upande ule, akaendelea kuongea, na mkono wake ukakipiga kikombe kikamwagika.

Nilisubiri Fundi na Mwalimu waende kuswali. Nikamwambia atazame mbele, nikanyanyua vidole viwili pembeni mwa uso wake, upande wa kushoto.

"Vingapi?"

Alikiokota kikombe. Kisha akasema, "Jicho la kushoto limekwisha, mwanangu. Presha ya macho. Daktari wa Chake kanipa matone ya kulilinda la kulia."

"Amekwambia usipande?"

"Kanambia." Alikung'uta mchanga kwenye goti. "Sasa nikishuka kwenye pikipiki, mie nani? Bwana mifugo wa kukaa mezani? Nistahimilie hadi Gombani. Raundi mbili tu. Kisha nitasema mwenyewe."

Gombani ndiko ilikopangwa raundi ya mwisho, na msimu ungemalizikia uwanjani mbele ya watu. Nilimtazama mtu huyu aliyekuwa akiniletea peremende wakati baba yangu yu hai, nikamwambia sawa. Nilijipa sababu kwamba siri ya mgonjwa haitolewi. Lakini alikuwa rafiki wa baba kabla ya kuwa mgonjwa wangu, nami nilitaka tushinde.

Raundi ya tatu ilikuwa kwetu. Njia ilipita kwenye bonde la mpunga, lakini mvua za vuli ziliwahi, wenye mabonde wakawa wameshaanza kuatika miche ya mpunga. Asubuhi ya mashindano wasimamizi wakaihamishia juu, kwenye shamba lililofyekwa wiki ile. Bwana Mifugo hakuwahi kuipita. Mwalimu alikuwa nyuma yake, akifuata tairi lake kama kawaida.

Kisiki kilikuwa kushoto. Bwana Mifugo alikigonga akaanguka chali kwenye majani, hakuumia. Mwalimu alikata kona kumkwepa, akaruka na pikipiki yake hadi kwenye shina la mkarafuu. Nilipofika alikuwa amekaa, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Niliufunga mkono kwa kitambaa.

Hospitali, Bwana Mifugo alisimama mwisho wa kitanda, amevua kofia. Alisema yote. Hakujitetea.

Fundi alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Na weye ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Mkoani."

Hakunitukana. Alichukua funguo zake akatoka, na kwa wiki tatu nilipopita bandani kwake aliinamia injini mpaka nimeshapita. Lililoniuma zaidi ni Mwalimu. Aliniambia, "Ningejua, ningepanda mbele yake nimuoneshe njia. Tungemaliza vizuri tu." Hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nilidhani kuna mambo mawili tu, kusema aondoke au kunyamaza abaki.

Shida ya Mwalimu ilikuwa ubao. Mkono wa kulia ulifungwa, wa kushoto hauandiki, na darasa lake lilikuwa la mtihani. Jumatatu iliyofuata Bwana Mifugo alimuomba mwalimu mkuu ruhusa, akaingia skuli na chaki mfukoni. Mwalimu alikaa kwenye kiti akitaja, naye akiandika. Nilikwenda siku moja kumbadilishia Mwalimu kitambaa nikawakuta. Mistari ya Bwana Mifugo ilipanda juu kushoto na kushuka kulia, wanafunzi wakainamisha vichwa pamoja kuifuata.

"Hiyo ni saba au moja, mzee?" aliuliza msichana mmoja.

"Muulize mwalimu wako. Mie naandika ninachoambiwa."

Alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini kwake, hadi mkono ulipofunguliwa. Nadhani hilo ndilo lililomlainisha Fundi, maana siku moja alikuja kituo cha afya, akasimama dirishani kama mgonjwa.

"Gombani nakwenda," alisema. "Hatuhesabiwi, tumebaki mmoja. Lakini nakwenda. Unakuja na sanduku?"

"Nakuja na pikipiki."

Alinitazama. Hakuuliza mara mbili.

Nilipanda raundi ile nje ya hesabu, nimevaa suruali chini ya buibui nililolikunja na kulifunga kiunoni, juu ya pikipiki ya chanjo bila ya boksi lake. Bwana Mifugo alikuwa amesimama kwenye kijito kibaya kuliko vyote. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na hakuna aliyeona chini. Aliingia hadi magotini, na kila mpanda aliyefika, wa timu yoyote, alimuelekeza: kaza hapa, legeza, jiwe liko kulia kwako. Kwangu alisema, "Usiniangalie mie, angalia ng'ambo." Nikavuka.

Niliingia uwanjani nikiwa wa mwisho, nyuma ya Fundi kwa muda mrefu hata watu wengine walikuwa wameanza kuondoka. Mkoani walichukua kikombe. Sisi kwenye karatasi ya msimu tuliandikwa wa nne. Mwalimu alikuwa kwenye majukwaa na mkono wake umerudi shatini, akapiga kelele kama mlevi, naye ni mtu asiyewahi kuonja pombe.

Hakukuwa na msimu wa pili. Uchaguzi ulikaribia, na hakuna aliyeruhusu pikipiki nyingi kukusanyika pahala pamoja. Fundi na Mwalimu walirudi kila mmoja kwenye baraza ya watu wake, lakini salamu hazikukatika tena, na mara moja wakati wa fujo za uchaguzi nilisikia Fundi amewahifadhi mke wa Mwalimu na watoto nyumbani kwake kwa siku mbili.

Bwana Mifugo mwenyewe alikabidhi funguo za pikipiki ya serikali. Siku za chanjo ya mbuzi Fundi ndiye aliyempakia nyuma, akifunga banda asubuhi nzima. Kila mwezi mzee alikuja kwangu kuchukua matone, nami nilimpima jicho la kulia, nikamwambia ukweli wa nilichokiona, siku ilipokuwa nzuri na siku ilipokuwa mbaya.