Treni ya Saa Nne ya Kwenda Valensia

Ninyi vijana mtakaosoma hii, msianze kucheka. Sikuwa na homa. Nilipimwa wiki ileile wakanikuta mzima. Na ilikuwa mchana, saa nane, jua linawaka. Nasema niliyoyaona.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, Sydney imefungwa, na sisi hapa St Marys tunaruhusiwa kutoka kidogo tu kunyoosha miguu. Mdogo wangu Mapenzi alikuwa Hispania, mji wa Valensia, anaumwa figo. Tuliachana kwenye kambi ya wakimbizi, miaka kumi na tisa sijamwona. Nilikuwa na neno moja tu moyoni: mipaka ikifunguliwa, nimkute angali hai.

Basi kila jioni mjukuu wangu Neema alifungua kompyuta, tunapanga. Ndege hadi Madrid, tunalala, asubuhi treni ya saa nne, na kabla ya saa sita nimeshuka Valensia. Niliandika yote kwenye karatasi nikaitia mfukoni mwa koti. Mwanangu Bahati alikuwa akinitania, "Mama, uwanja wa ndege umefungwa, wewe unachagua kiti." Kisha akaacha kunitania. Sikujiuliza kwa nini. Nani angejiuliza?

Siku hiyo nikatembea hadi kituo cha treni, nikakaa kwenye benchi la nje. Akaja mwanamke mwenye kitenge na barakoa, hana sweta, na baridi ya Julai mnaijua. Akakaa karibu yangu kabisa. Nikamwambia asogee, polisi watatusumbua. Hakusogea.

"Yaya," akasema, "ile treni ya saa nne usiikatie tikiti."

Kwetu Uvira, yaya ni dada mkubwa. Hapa Sydney hakuna anayeniita hivyo. Na karatasi, niaminini, ilikuwa bado mfukoni. Nikatazama mkono wake: kovu la mafuta ya maandazi, kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo. Lile kovu nililipaka asali mimi mwenyewe, yeye ana miaka tisa.

Nikamuuliza, "Kwa nini nisikate?"

"Sitakuwepo kituoni kukupokea. Wa kwako wameshindwa kukuambia."

Alisema kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Nikainama kutafuta miwani nimwone vizuri. Nilipoinua kichwa, nilikuwa peke yangu. Sikukimbia. Nikimbilie wapi?

Nyumbani nikamuuliza Bahati, "Mapenzi amekufa lini?" Akakaa chini sakafuni. Siku nne zilikuwa zimepita. Desturi yetu mnaijua: mtu haambiwi msiba hivi hivi. Wazee wanakuja, wanamketisha, wanamshika mikono, ndipo wanasema. Na wazee wetu wa kanisa wako Merrylands, mtaa mwingine wa Sydney, walikatazwa kuingia nyumba ya mtu. Basi nyumba nzima ikawa inangoja ruhusa. Siku zote nne Neema alifungua kompyuta, ananiuliza kama nataka kiti cha dirishani. Sikumgombeza. Alilia kuliko mimi.

Mpaka leo, mtu akikaa karibu yangu kituoni, natazama mkono kwanza. Karatasi imo ndani ya Biblia. Lakini ninyi sikilizeni: mkimficha mzee wenu msiba, marehemu atakuja kuusema mwenyewe, na yeye alistahili kupumzika.

Jioni ile niliwaita wote sebuleni nikawaambia: "Habari ya kifo isilale ndani ya nyumba hii hata usiku mmoja. Kama hakuna wa kuniketisha, nitakaa mwenyewe. Mniambie."