Radhi za Kwenda Thelujini

Mama hakunikataza. Angenikataza ningebishana naye, na mimi kwa ubishi sijambo. Alichofanya ni kuninyima radhi: kila nikimuaga, anainamia mchele wake anaochambua kama hajanisikia. Na bila radhi zake nisingethubutu kutoka kwenye ile fleti yetu ya Ladywood, huku Uingereza, kwenda kupanda milima ya Uskoti majira ya baridi.

Nilimweleza yote. Kwamba upepo hukusanya theluji upande mmoja wa mlima, tabaka jipya likalikalia la zamani bila kushikana nalo, na mguu wa mtu mmoja waweza kuliporomosha lote. Kwamba kila mmoja wetu huvaa kifuani kidude cha kutoa ishara, ili akifukiwa, mwenzake amtafute kwa kidude chake.

"Kwa muda gani?"

"Robo saa hivi, Mama. Ikizidi hapo, ni kudra ya Mungu."

Akausukuma ungo. "Na huyo wa kukufukua ni nani? Mlete nimuone."

Mwenzangu, Mwingereza niliyesoma naye chuo, akaja na kidude chake na beleshi, akalishwa biriani na kuhojiwa kama aliyekuja kuposa. Theluji ilikuwa imeanguka, na kwenye bustani ya Handsworth watoto walikuwa wameviringisha marundo wakayaacha. Mama akatupeleka huko kwa basi. Alikifunga kidude changu ndani ya mtandio wangu, akatuamuru tugeuke, akakifukia.

Mwenzangu akatafuta. Kidude chake kililia taratibu, kisha upesi upesi. Akapiga magoti, akachomeka beleshi kwa nguvu zake zote.

"Slowly!" Mama alipiga ukelele, bustani nzima ikageuka. "Slowly, huyo mwanangu!"

Ncha ya mtandio ilikuwa imechomoza kwenye theluji. Mwenzangu akaweka beleshi chini, akamalizia kwa mikono. Niliogopa pale kuliko nilivyowahi kuogopa mlimani. Jioni ile Mama alinishika kichwa, akanipa radhi.

Siku yetu ya kilele ilitoka na jua, anga safi, baada ya upepo wa usiku kucha. Nilikuwa mbele. Nilipokanyaga mteremko, theluji iliguna chini yangu, na ufa ukakimbia mbele ya kiatu. Tukarudi kinyumenyume kwenye nyayo zetu. Kilele kilikuwa pale pale, tunakiona. Nikasema tujaribu kupita juu kidogo. Nilishasema, kwa ubishi sijambo.

Mwenzangu alikuwa ameshageukia bondeni. "Siwezi kumfukua mtoto wa mama yako," akasema.

Tulishuka. Kijijini nikapiga simu nyumbani. Mama hakungoja nimalize salamu.

"Mpe mwenzako," akasema.

Nikampa. Mama alimwombea dua ndefu, yote kwa Kiswahili, na mwenzangu, asiyejua hata neno moja, alisimama pale akiitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.