Neno la Mlangoni

Mwanamume aliyebisha hodi kwa bibi wa mtaa wa Shella, mteja wangu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alijua neno la kusema mlangoni. Alilisema vizuri, bila kusita: asmini ya jana. Bibi akafungua komeo. Mwanamume hakuwa na mzigo wowote. Aliomba maji, akayanywa akiwa amesimama ukumbini, akatazama huku na huku, akashukuru, akaenda zake.

Bibi alinipigia simu papo hapo, na wala hakuwa analalamika.

"Mwanangu, huyo kijana wako mpya ana adabu zake, lakini mbona kaja mikono mitupu?"

"Shikamoo bibi. Kijana gani?"

"Marahaba. Si huyo uliyemtuma? Kasema neno."

Sikuwa na kijana mpya. Nina mwenye bodaboda mmoja tu, mtu wa Rabai, na saa ile alikuwa mbele yangu akifunga mizigo kwa mipira. Nilimwambia bibi afunge mlango, asimfungulie mtu hata akisema neno gani.

"Hata wewe?" akacheka.

Nikamwambia, hata mimi.

Ninauza madera, udi, vyombo vya jikoni na nguo za watoto kwa njia ya simu. Sina duka. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu hapa Malindi, na picha ninazoziweka mtandaoni kila asubuhi. Kupata wateja hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kile kipande cha mwisho cha njia, kutoka barabara kuu mpaka kwenye kizingiti cha mteja. Nyumba zetu hazina namba, na vichochoro vingi havina majina. Mteja akinitumia alama ya ramani, alama inaangukia katikati ya mikoko au juu ya paa la msikiti. Akieleza kwa mdomo, anasema, "Ulizia nyumba yenye turubai." Mwenye bodaboda anafika siku mbili baadaye, matanga yameisha, turubai limerudishwa kwa wenyewe.

Hata nyumba ilipopatikana, mara nyingi mlango haukufunguliwa. Wateja wangu wengi ni wanawake, na mchana wako peke yao. Simu imezimika, au mume kaondoka nayo. Kulikuwa pia na maneno mtaani kwamba kuna watu wanajifanya wameleta vifurushi, kumbe wana lao. Basi mwanamke alijibu kutoka ndani, "Mwenyewe hayupo," na mzigo ukarudi. Kuna dera moja la kijani lilikwenda Marereni na kurudi mara tatu, hadi nikaichukia rangi yake.

Bibi wa Shella ndiye aliyenitoa kwenye shida hiyo. Ni mjane, watu wake wametoka visiwa vya kaskazini. Aliniambia kwamba kwao, baba akisafiri, mtu aliyetumwa nyumbani alipewa neno na mwenye nyumba. Akifika analisema mlangoni, na wanawake wanajua huyu katumwa kweli. Asiye na neno aliacha alichobeba barazani akaenda. "Nami nitakupa langu," akasema. "Asmini ya jana. Mtu wako asiposema hivyo, sifungui."

Nikawaomba wateja wote neno. Walilipenda jambo hilo kuliko nilivyotazamia. Mmoja alichagua samli, mwingine jina la paka wake aliyekufa. Mwenye bodaboda wangu hakufurahi sana.

"Dada, mtu mzima nasimama kichochoroni naita asmini, asmini. Wapita njia wanadhani nauza maua."

"Sema polepole basi."

"Nikisema polepole bibi hasikii. Nikipaza sauti, jirani anataka nimuuzie fungu la shilingi kumi."

Zamani nilikusanya habari kwa redio ndogo ya hapa pwani, na tabia ile haijanitoka: nani, wapi, saa ngapi. Nilinunua daftari gumu, kila mteja nikampa ukurasa wake. Niliandika njia kwa vitu visivyohamishwa: kisima, ukuta uliobomoka, mwembe ulionyauka upande mmoja. Niliandika nani yuko nyumbani na saa ngapi. Niliandika jirani wa kuachiwa mzigo. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, niliandika neno. Mwenye bodaboda alikwenda nalo kila mahali, maana huko nje ya mji simu hukosa mtandao. Mizigo ikaacha kurudi. Nililionea fahari daftari lile. Nilionyesha watu kurasa zake kama mtu anavyoonyesha picha za harusi.

Mwezi uliopita, siku ya mvua, pikipiki iliteleza karibu na mabwawa ya chumvi ya Marereni. Mwenye bodaboda alirudi na tope hadi magotini, chumvi imemkaukia kwenye suruali.

"Pole," nikamwambia. "Umeumia?"

"Sijaumia, dada. Lakini daftari limezama. Limekwenda na maji."

Nilisikitika, kisha nikafurahi, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa nikipiga picha kurasa zote. Kwa siku mbili niliandika daftari jipya, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza. Sikubadilisha neno hata moja. Niliwaza juu ya mizigo iliyokuwa ikisubiri. Sikuwaza jambo jingine.

Baada ya simu ya bibi, niliiweka yangu chini nikamtazama mwenye bodaboda.

"Lile daftari, uliliona likizama?"

"Niliona mfuko umefunguka."

"Sikukuuliza mfuko."

Aliacha mpira aliokuwa anaufunga. "Sikuliona, dada. Niliinua pikipiki kwanza. Walikuwepo watu, wakanisaidia."

"Watu gani?"

"Watu tu. Sikuwatazama nyuso. Nilikuwa na aibu ya kuanguka mbele yao."

Nililifungua daftari jipya nikalisoma kama mtu mwingine angelisoma. Yuko peke yake hadi adhuhuri. Komeo la mlango wa nyuma bovu, sukuma. Mama mkwe kiziwi, gonga dirishani. Ufunguo chini ya mtungi. Yote hayo niliyaandika mimi, kwa nia njema, kwa mwandiko unaosomeka na yeyote.

Nilikwenda kituo cha polisi. Ofisa alinisikiliza vizuri, akaandika.

"Kaiba nini?"

"Hajaiba."

"Kampiga mtu?"

"Hapana. Kanywa maji."

Alinitazama kwa huruma, akaniambia nikipata jina au sura nirudi. Bibi hakuweza kunisaidia hapo. Mtu yule alikuwa na kofia ya pikipiki kichwani, kioo kimeshushwa nusu, na mkono uliopokea kikombe ulikuwa mkono kama mikono mingine.

Tangu mchana hadi jioni nilipiga simu, ukurasa baada ya ukurasa. Nilisema neno limekufa, naomba jipya. Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza, "Na kwangu uliandika nini?" Nikamsomea. Akasema, "Kumbe ndivyo unavyonijua," akakata simu. Hajaagiza kitu tena.

Aliyenitia hofu kuliko wote ni mteja wa Marereni, yule wa dera la kijani. Simu yake haikupatikana. Ukurasa wake ulisema: mume yuko kwenye chumvi tangu alfajiri, nyumba ya mwisho, jirani hasikii ukiita. Kesho yake asubuhi nilipanda nyuma ya bodaboda, tukaenda. Mwenye bodaboda, ambaye huimba akiendesha, siku hiyo hakuimba.

Mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

Nikagonga tena.

"Hodi wenyewe!"

"Sema neno," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Ni mimi ninayekuuzia madera. Neno la zamani usilifuate tena, limeingia mikononi mwa mtu. Nimekuja kukuambia."

"Sema neno."

Mwenye bodaboda alinitazama. Nilijaribu tena kueleza, naye akarudia vilevile, na nilimwelewa: ndivyo nilivyomfundisha. Mwishoni nililisema. Komeo likasogea mara moja, na wepesi wa mlango ule kufunguka ulinishtua kuliko kama angenikatalia.

Alikuwa na mtoto mgongoni, mikono ina unga.

"Mbona mmerudi haraka?" akauliza. "Mwenzenu kasema ni baada ya siku chache."

"Mwenzetu nani?"

"Aliyekuja jana jioni. Kasema ana mzigo wangu, atauleta."

"Uliagiza kitu?"

"Sijaagiza. Nilidhani ni zawadi, maana nanunua sana kwako."

"Uliuona uso wake?"

"Alivaa kofia."

Mwenye bodaboda alichuchumaa pale kizingitini, akashika kichwa.

"Dada yangu," nikamwambia mwenye nyumba, "alikuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida. Kama mume wangu bado yuko zamu ya mchana. Nikamwambia, Jumatatu anahamia ya usiku."

Alipoona nyuso zetu aliacha kutabasamu. Nilimweleza yote, na ukurasa wake nikaanza kumsomea. Alimtoa mtoto mgongoni akamshika mbele. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama kwenye daftari nilikuwa nimeandika kwamba mlango wa nyuma haufungi vizuri. Nilikuwa nimeandika.

Mwenye bodaboda aliondoka, akarudi na komeo jipya na misumari, akalipigilia mwenyewe. Mumewe alipotoka kazini jioni tulikuwa bado tupo. Alikwenda kumwomba msimamizi wake amwache kwenye zamu ya mchana.

Ninaandika haya Jumapili, saa kumi alasiri. Zamu ya usiku inaanza kesho, na msimamizi hajajibu.