Siku Yaya Alipoona Mwezi

Juzi mjukuu wangu, infirmière mzima, muuguzi wa hospitali, alinipeleka kwa munganga Muchina pale barabara ya chaussée de Wavre, huku ughaibuni, sababu ya goti. Kulinukia majani makavu na tangawizi. Munganga akasema mwezi ukijaa, damu ya muntu nayo inajaa, donc tungoje kidogo kabla ya sindano. Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma.

Maana kwetu Likasi, nikiwa mutoto mudogo, alasiri moja maman alimunong'oneza shangazi: "Yaya ameona mwezi." Alimaanisha damu ya wasichana. Mimi nilielewa mwezi wa mbinguni. Na yaya, dada yangu mukubwa, alikuwa amevalishwa kitenge kipya! Nilikitaka mpaka machozi. Nikatoka mbio uani, na kweli mwezi ulikuwa juu ya mabati, mweupe kama tonge la bukari, ule ugali wetu.

"Maman! Mimi pia nimeona mwezi!"

Papa alitema chai. Maman akafunika uso. Shangazi, akicheka, akapasua kitenge chake akanifunga kiunoni: "Bon, wewe mutoto, wako ni nusu mwezi."

Nikazunguka avenue nzima nikijivuna, nikiwatangazia majirani, na hakuna hata mumoja aliyeniambia ninatangaza nini.